Tathmini ya Kliniki ya Msaada wa Kisheria kwa Manusura wa Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Kisumu

Kliniki ninayoizungumzia iko katikati ya mji wa Kisumu, na huwahudumia bila malipo watu waliolaghaiwa wakasafirishwa na kutumikishwa, wawe walipelekwa Ghuba au walichukuliwa Busia wakafungiwa katika nyumba ya mtu Nairobi. Nilimsindikiza huko binti wa dada yangu, ambaye ajenti alimwahidi kazi ya dukani Saudia, naye akaishia kufanya kazi za ndani bila mshahara, pasipoti yake ikiwa mikononi mwa mwajiri. Naandika kwa idhini yake, kwa kuwa wengi wetu huku Magharibi na Nyanza hatujui kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja waziwazi mwathiriwa wa usafirishaji wa binadamu miongoni mwa wasiojiweza wanaostahili msaada huo.

Ubora wa kliniki hii umo katika namna inavyosikiliza. Wakili alimuuliza binti kwanza ni nani angependa abaki chumbani, na aliposema angependa kuzungumza peke yake, mimi niliombwa kwa heshima nikasubiri kwenye benchi la nje. Maelezo yake yaliandikwa mara moja, akasomewa, akarekebisha pale palipopotoka, na nakala hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa wapelelezi, ili asilazimike kuanza upya kila anapofika mbele ya meza nyingine.

Jambo lililokuwa likimla moyo ni kwamba mkataba aliutia sahihi mwenyewe, na hata jamaa zetu walikuwa wakimwambia kwamba alikwenda kwa hiari yake. Wakili alifungua Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 akamwonyesha kwa kidole kifungu cha 3, kinachosema kwamba ridhaa ya mwathiriwa haihesabiki ikiwa udanganyifu ulitumika. Kifungu hicho hicho kinaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Alimweleza pia kwamba mahakama ikimtia ajenti hatiani inaweza kumwamuru alipe gharama za matibabu, usafiri na malazi ya mwathiriwa, na tangu siku hiyo binti alianza kuuliza maswali yake mwenyewe badala ya kuniachia mimi. Ujumbe wa simu na taarifa za M-Pesa zilizoonyesha fedha alizomtumia ajenti zilichapishwa hapo hapo, pamoja na cheti ambacho Sheria ya Ushahidi inakitaka kwa ushahidi wa kielektroniki.

Kasoro zipo, na sipendi zifichwe. Dada yangu, ambaye Kiluhya ndiyo lugha anayoimudu, alitoa maelezo yake kupitia kwangu kwa sababu hapakuwa na mkalimani. Hilo si haki kwake wala si salama kwa kesi, maana jamaa anaweza kupunguza au kuongeza neno bila kukusudia. Kesi ilipoahirishwa hatukuarifiwa mapema, tukatoka Mumias hadi Kisumu bure. Wakili halipwi, lakini nauli ya matatu ni ya mwenye kesi, na kwa familia ambayo bado inadaiwa mkopo uliolipia safari ya Saudia, nauli hiyo inatosha kumfanya shahidi asifike. Kliniki ikipata mfadhili, ianzie hapo.

Pamoja na hayo, ningempeleka mtu mwingine kesho. Abebe kitambulisho, mkataba ikiwa anao, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) aliyopewa kituoni, na simu yenyewe bila kufuta ujumbe wowote, hata ule unaomwaibisha. Wanawake wanaweza pia kwenda FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ambalo lina ofisi Kisumu. Na ikiwa aliyechukuliwa ni mtoto, piga 116, nambari ya simu ya msaada kwa watoto, bila malipo kabla ya kufunga safari.