Obsidian: programu inayowasikiliza watumiaji bila kuwatii kwa kila jambo

Nimekuwa nikiitumia Obsidian kupanga kazi na kuhifadhi madokezo kwa muda wa kutosha kuona sehemu zake kadhaa zikizaliwa, na ninaamini kwamba anayetaka kuielewa aanze kwa kutazama namna ilivyotengenezwa. Shida Li na Erica Xu, ambao hapo awali walikuwa wameunda Dynalist, programu ya kuandika orodha, waliitoa kwa majaribio mwaka 2020. Toleo la 1.0 lilitoka Oktoba 2022, ikiwa tayari imekaa zaidi ya miaka miwili mikononi mwa watumiaji walioitumia, wakailalamikia na kupendekeza marekebisho. Hata mkurugenzi wake mkuu tangu mwaka 2023, Steph Ango, alitoka katika jumuiya hiyo hiyo, kwa kuwa alifahamika kwanza kwa kubuni Minimal, mandhari inayobadilisha mwonekano wa Obsidian.

Msingi wake ni mwepisi. Kila dokezo ni faili ya maandishi ya kawaida, kwa mtindo wa Markdown, yaani uandishi unaotumia alama chache za kawaida kuonyesha vichwa, orodha na kadhalika, ndani ya folda iliyo kwenye kifaa chako mwenyewe. Ukitaka kuandika jukumu, unaanza na kistari, kisha mabano ya mraba yenye nafasi katikati, halafu maneno yako. Papo hapo hutokea kisanduku cha kuweka alama kazi ikikamilika. Ukiandika jina la dokezo jingine ndani ya mabano mawili mawili ya mraba, unapata kiungo, na ukilibadilisha jina la dokezo hilo ndani ya programu, viungo vyake navyo vinaweza kurekebishwa bila wewe kuvifuata kimoja kimoja.

Uamuzi ninaouheshimu zaidi unahusu maombi ya watumiaji. Huyu anataka kalenda, yule anataka mbao za kuhamishia kadi za kazi, mwingine anataka majukumu yote yaliyotawanyika katika madokezo yake yakusanywe kwa tarehe. Programu inayokubali kila ombi huishia kuwa na menyu ndefu zisizomfaa yeyote, na inayoyakataa yote hupoteza watu wake. Waundaji wa Obsidian walifungua mlango wa programu-jalizi, yaani programu ndogo za nyongeza zinazochomekwa ndani yake, wakawaacha watumiaji wajijengee wanachokihitaji, na leo zipo zaidi ya elfu moja. Kwa njia hiyo maoni yamepata uzito mwingine kabisa, kwa sababu mtu anaweza kuomba jambo ambalo hatalitumia hata mara moja, lakini anachokijenga kwa mikono yake, na wenzake wakakipakua kwa wingi, hicho ndicho wanachokihitaji kweli. Dataview, programu-jalizi iliyoundwa na mtumiaji, ilidhihirisha kwa miaka kadhaa jinsi watu walivyotaka kuyageuza madokezo yao kuwa majedwali. Mwaka 2025 Obsidian ikaleta Bases, inayoihudumia haja hiyo ndani ya programu yenyewe.

Njia hii ina gharama yake, nami nimeionja. Programu-jalizi niliyoitegemea kupangia wiki yangu iliachwa na mwenyewe, na baada ya sasisho moja haikufunguka tena. Majukumu yangu yote yalibaki salama, kwa kuwa yalikuwa maandishi ndani ya faili zangu, lakini mpangilio niliouzoea ulitoweka, ikanilazimu kuujenga upya kwa siku mbili. Suala la usalama nalo lisipuuzwe: programu-jalizi ikishawashwa inaweza kuzifikia faili zako, na ndiyo sababu Obsidian huanza zikiwa zimezuiwa hadi uziruhusu mwenyewe. Kwa anayeanza, ningeshauri akae wiki mbili bila hata moja, kisha aongeze ile tu ambayo ukosefu wake umemkwamisha kazini.

Matumizi yenyewe ni ya bure, na tangu Februari 2025 hata matumizi ya kibiashara hayalazimu leseni ya kulipia. Kinacholipiwa ni huduma kama vile kusawazisha madokezo kati ya vifaa. Kwa mwandishi, mwanafunzi au mtafiti anayefanya kazi peke yake, ninaipendekeza kwa moyo wote. Timu inayohitaji kugawiana majukumu na kuona nani amefikia wapi itafute chombo kingine, kwa kuwa Obsidian iliundwa kwa ajili ya mtu mmoja na folda yake.