Programu za kufanyia kazi ukiwa Mtwara: ipi ulipie, ipi utumie bure

Huu mwaka wa nne natunza mahesabu ya kampuni ya Dar nikiwa Shangani, kwenye meza ile ile tunayolia ubwabwa. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja: umeme ukikatika saa tano asubuhi na mtandao ukaanza kusuasua, kazi inabaki au inapotea? Mei 2024 ilitosha kutupa somo. Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, na siku chache baadaye, tarehe 12, mikongo ya baharini inayotuletea mtandao, EASSy na Seacom, nayo ikakatika.

Ya kwanza: Google (Docs ya kuandikia, Sheets ya majedwali, Drive ya kuhifadhia). Akaunti ya bure ina hifadhi ya GB 15, ila barua pepe na picha zako zinakula humo humo. Kitakachokujazia ni picha za harusi, wala si hesabu. Naipa nafasi ya kwanza kwa sababu unaweza kuendelea kuandika hata mtandao ukiondoka. Lakini haiji yenyewe: ingia Drive kwa kutumia kivinjari cha Chrome, fungua mipangilio, weka tiki ya kufanya kazi nje ya mtandao, na ufanye hivyo bando likiwa bado lipo.

Mimi sikuweka. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umepamba moto, bosi anasubiri jedwali la malipo ya wenye malori. Mtandao ukazima. Laptopu ina chaji asilimia 80 na mimi nimekaa naitazama kama runinga isiyo na king'amuzi. Nikapanda bodaboda hadi Ligula kwa shoga yangu mwenye laini ya mtandao mwingine. Bosi akapiga: "Dada, mbona kimya?" Nikamjibu niko barabarani, akadhani nimeenda sokoni. Jioni hiyo hiyo nikaweka tiki.

GB 15 zikijaa, Google One, yaani hifadhi yao ya kulipia, ya GB 100 ndiyo malipo ya kwanza ninayoyashauri. Bei ya Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi.

Ya pili: WhatsApp. Cheka tu. Simu ya kundi inabeba watu 32, faili linaruhusiwa hadi GB 2, na mteja wa Newala huna haja ya kumfundisha kitu. Tatizo lake ni kwamba faili la "hesabu mpya MWISHO kabisa 3" litazama chini ya salamu za Ijumaa. Ongelea humo, usihifadhie humo.

Ya tatu, kwa mikutano ya video: Google Meet, halafu Zoom. Kwa asiyelipa, Meet inashinda: dakika 60 mkiwa watatu na kuendelea, na mkiwa wawili mnaweza kufika saa 24. Zoom ya bure inawakata dakika ya 40. Kumbuka anayelipia ni mwenye mkutano, si mwalikwa. Usinunue Zoom kwa ajili ya vikao vya watu wengine. Ukiwa unafundisha tuisheni inayochukua saa mbili nzima, hapo sawa.

Kinachomaliza bando ni kamera. Zoom wenyewe wanasema sauti peke yake inataka kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde. Piga hesabu: haifiki MB 40 kwa saa kila upande, kutuma na kupokea. Picha safi ya watu wawili ni kilobiti 600, yaani kama MB 270 kila upande, na kundi ni zaidi ya hapo. Bosi akisema "wote kamera tafadhali", mwombe kwa adabu atume na bando.

Ya nne: Microsoft 365 (Word, Excel na wenzao) na Teams yao ya mikutano na mazungumzo ya kazi. Mwajiri akilipa, pokea kwa mikono miwili. Kwa jedwali lenye maelfu ya mistari, Excel iliyokaa ndani ya laptopu bado sijaona mpinzani wake. Ila OneDrive, hifadhi yao ya mtandaoni, bure ni GB 5 tu, na Teams kwenye laptopu ya RAM GB 4 inakwenda kama lori lililobeba magunia likipanda nyanda za juu za Makonde. Kwa mfuko wako, weka LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, ni bure halali, kabla fundi hajakuwekea Office ya wizi pamoja na virusi vyake.

Mwisho: Slack, ya mazungumzo ya kazi, na Trello, ubao wa kupangia kazi. Slack ya bure inakuonyesha mazungumzo ya siku 90 tu. Maagizo ya Julai, Novemba huyaoni, na sisi mwaka wetu unazunguka kwa msimu. Trello haina ubaya, lakini timu ya watu watatu inatoshwa na daftari.

Kuhusu kulipa: nyingi zinakata kwa dola, zenyewe, kila mwezi. Programu moja ya ankara iliendelea kunikata miezi mitatu baada ya kujitoa, maana niliwapa kadi ya benki. Siku hizi natumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, naijaza kiasi cha bili basi. Zikibaki shilingi mia nne humo, wakate hizo.