Lenzi ya Canon 55-250 STM mvua za kwanza zikianza Tabora: uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama unachotaka ni tai aliyekaa juu ya mti ng'ambo ya bwawa la Igombe, usinunue hii lenzi, utaumia roho. Ila kama unataka kinyonga, vyura, vipepeo, mwewe wanaogombania kumbikumbi, na vile viumbe vyote vinavyotoka mvua ikigonga ardhi mara ya kwanza, nunua hata leo, maana kwa bei yake sijaona ya kushindana nayo.

Ninayoongelea ni Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM, ilitoka 2013 (STM ni aina ya mota inayosogeza fokasi, IS ni ya kutuliza mtikisiko). Nimeichukua mtumba Kariakoo, laki tatu na kitu baada ya kubishana sana, naitumia kwenye kamera ya Canon 700D ambayo nayo ni ya mwaka huohuo. Angalia vizuri hizo herufi STM zimeandikwa kwenye lenzi yenyewe, kwasababu kuna ya zamani inaitwa IS II, kwa mbali zinafanana na wauzaji wengine wanaziita zote "fifty-five two-fifty" bei moja, kumbe ya zamani inahitaji usimame mita 1.1 kutoka kwa unachokipiga na kioo chake cha mbele kinazunguka ikitafuta fokasi. STM inakubali mpaka sentimita 85 na kioo hakizunguki. Utasema tofauti ya sentimita 25 ni kitu gani, subiri nifike kwenye wadudu.

Sasa kwa wasioijua Tabora, sisi huku hatuna vuli na masika kama watu wa pwani, tuna msimu mmoja mrefu, mvua inaanza kwenye Novemba inaenda mpaka Aprili. Wazungu wana hiyo springi yao ya Machi na Aprili wanapiga picha vifaranga na maua, ya kwetu ndo hii ya Novemba. Tena misitu yetu ya miombo ina haraka, miti ya mitundu na miyombo inachipua majani mekundu ya shaba toka Septemba, Oktoba, ardhi bado kavu kabisa na jua linachoma, na mininga inatoa maua ya njano kabla hata ya tone moja. Pazuri mno kwa macho lakini kwa kamera bado, kwasababu ndo kipindi watu wanachoma mashamba, moshi umejaa hewani, na ukivuta zumu mpaka mwisho, milimita 250, picha inatoka imefifia huwezi kuelewa tatizo ni lenzi au ni hewa. Ni hewa. Subiri mvua ioshe.

Na ikishaosha, jamani. Asubuhi yake toka nje ya mji kidogo tu, mi huwa napanda bodaboda mpaka upande wa Kwihara kule kwenye tembe la Livingstone, nikishuka natembea kwa miguu njia za mashambani, watu wako na majembe wanapanda. Kwenye mchanga unaona wale wadudu wekundu wenye manyoya laini ya mahameli, wanatoka siku chache tu za mwanzo wa mvua afu huwaoni tena mpaka mwakani. Nalala kifudifudi, kioo cha nyuma cha 700D nakikunjua kinaangalia juu ili nisivunje shingo, navuta zumu mpaka mwisho, fokasi inakubali. Kwa ukaribu huo upana wa picha unameza kama sentimita 7 na nusu hivi, kwahiyo mdudu wa sentimita moja anachukua sehemu ya nane tu ya picha, itabidi ukate baadae kwenye kompyuta. Sio lenzi ya makro, yaani ya kukuza vitu vidogo sana, tusidanganyane. Ila kwa chura au kipepeo inatosha kabisa, na kinyonga wa kijani yule wa kawaida huku anajaa picha nzima mpaka unarudi nyuma.

Kinyonga ndo mteja wangu mkubwa. Hana haraka, na kwa vile unampiga ukiwa mbali kidogo hajivimbishi kwa hasira, anaendelea na shughuli zake, ukibahatika unapata ulimi ukiwa nje. Shida ni watu. Kuna bibi alinikuta nimemwinamia kinyonga kwenye uzio wa minyaa, nikamwamkia shikamoo bibi, akaitika marahaba afu akasimama mbali kabisa, akauliza, "mjukuu wangu, kwenu wanajua unayoyafanya huku?" Nikamwonyesha picha kwenye kioo, akaangalia lile jicho linavyozunguka, akasema nifute. Sikufuta lakini nilihama ule uzio, maana ni kwake na mi ni mgeni.

Kumbikumbi ni habari nyingine, hapo ndo utajua kama lenzi yako inakimbia au inatambaa. Wakitoka kwenye kichuguu jioni mvua imekatika, watoto wanakuja na ndoo, kuku wanakuja, na juu mwewe wanazunguka wanawadaka kwa kucha na kula hukohuko angani. Niliweka kasi ya shata 1/1600 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ikapanda mpaka 1600 kwasababu mawingu bado yapo, nikabonyeza mfululizo, 700D inatoa picha 5 kwa sekunde. Nyingi zilikuwa mkia, bawa, anga tupu. Chache zilikaa, na moja mwewe anapeleka mguu mdomoni, hiyo nimeifremu. Mota ya STM iko kimya na kwa kitu kilichotulia inashika fokasi haraka, ila kwa ndege anayekata kona inahema kidogo, ndo ukweli wake, na kwa bei hii siwezi kulalamika. Hiyo IS ya kutuliza mtikisiko nayo wengine hawaielewi, inatuliza mkono wako tu, haimtulizi ndege. Kama ndege anaruka, shata ya kasi ndo inakuokoa.

Kwa ndege kwa ujumla 250 ni fupi. Kwenye bodi hizi zenye sensa ndogo unazidisha kwa 1.6, unaona kama una lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya sensa kubwa, sawa, lakini pale Igombe ndege wengi wanakaa mbali na ukingo na hawana mpango wa kukusogelea. Nilichojifunza ni kuwaacha wa mbali, nakaa kwenye majaruba ya mpunga kuelekea Januari, wale ndege wadogo kweche, madume wameshavua kahawia yao wamevaa nyekundu na nyeusi, wanajivimbisha juu ya nyasi kushindana, kila dume na eneo lake na fito yake ileile anayorudia. Kaa chini utulie nusu saa, usivae nguo ya kung'aa, watakuzoea. Na korongo weupe wanaotoka Ulaya nao wanatembea mashambani kipindi hicho kutafuta panzi, hao wanaruhusu ukaribu kiasi. Wakishaondoka huku kurudi kuzaa kwao, ndo wanakuwa picha za springi za wenzetu. Wale wala-nyuki wa rangirangi nao wapo, ila uwe na adabu ukipiga karibu na mizinga ya watu, mzee mmoja mfuga nyuki njia ya Sikonge aliniambia, "hao wanakula mtaji wangu na wewe unawapiga picha wanapendeza, ungewatupia mawe kwanza ndo upige."

Kuna rafiki aliniuliza kama aende nayo Malagarasi-Muyovozi kutafuta yule ndege mwenye mdomo wa kiatu. Hapana kaka, ile ni ardhioevu kubwa mno, ndo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, huko azima lenzi ndefu zaidi.

Mengine kwa haraka. Ina gramu 375, unatembea nayo toka asubuhi shingo haiumi. Haijazibwa kuzuia maji, kwahiyo mfuko wa nailoni uwe mfukoni muda wote, mvua ya Tabora haipigi hodi. Pete ya fokasi ya mkono haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa, usije ukadhani ni mbovu. Saa tano mpaka saa tisa pumzika tu, joto linalotoka ardhini linachezesha hewa, cha mbali hakikai vizuri hata uwe na lenzi ya bei gani.

Ukienda kununua ya mtumba, hasa iliyokaa Dar muda mrefu, washa tochi ya simu umulike kutokea nyuma uangalie kwa mbele, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya vioo huo ni ukungu wa kuvu, usikubali maneno ya "inafutika hiyo bosi". Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, vuta mpaka 250, piga kitu chenye maandishi madogo ng'ambo ya barabara, afu kuza picha kwenye kioo usome. Ukisoma, anza kubishana bei.