Fulana ya kubana kwa mbwa anayeogopa radi: nilivyoitumia ndani ya Hiace misimu miwili ya mvua

Mbwa wangu ana kilo 24, manyoya mafupi, na tunalala pamoja katika Hiace ya paa la juu iliyogeuzwa kuwa gari-nyumba. Fulana ninayoieleza hapa haikutoka dukani. Imeshonwa na fundi wa soko la Gikomba, Nairobi, kwa kipimo chake, kwa kitambaa cha pamba kilichochanganywa na laikra (uzi unaovutika), na kitambaa, vifungo na ushonaji vilinigharimu shilingi 1,400. Nimeitumia masika na vuli. Naipendekeza kabisa, ila ukimvalisha mbwa ndani ya gari lenye paa la bati tupu, utaona umetupa pesa. Ndiyo maana nusu ya maelezo haya yanahusu gari.

Kwanza kipimo, kwa sababu hapo ndipo fulana nyingi huharibika. Mpime mbwa akiwa amesimama. Zungusha futi ya fundi kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, pale kifua kilipo kipana zaidi. Hicho ndicho kipimo kikuu. Kisha pima shingo pale ukosi unapokaa, na mgongo kutoka mabegani hadi mwanzo wa mkia. Fulana iishie sentimita 10 kabla ya mkia. Kwa dume, kipande cha tumboni kikatwe kiishie vidole vinne mbele ya sehemu zake, la sivyo ataikojolea kila akiinua mguu. Kitambaa kijaribu dukani: shika sentimita 10, vuta, kinapaswa kufika karibu 14 na kirudi chenyewe ukikiachilia. Kikivutika upande mmoja tu, mwambie fundi upande huo ndio uzunguke kifua. Sweta nzito za mitumba usizitumie. Mbwa mwenye hofu anahema, na kuhema ndiko kunakompoza. Ukimfunika kwa kitu kinachoshika joto ndani ya gari lililofungwa madirisha, unamwongezea tatizo.

Fulana ya kwanza ilikuwa na kasoro mbili. Mshono ulipita kwapani, ukamchubua ngozi baada ya saa moja tu ya kutembea. Mwambie fundi mshono uje juu ya mbavu, na sehemu ya kwapa ikatwe kwa mviringo mpana, iachie nafasi ya vidole vitatu. Kasoro ya pili ilikuwa velkro. Inabana vizuri, lakini ukiibandua hutoa mlio mkali wa kupasuka, sentimita chache kutoka kwa masikio ya mnyama ambaye tayari anatetemeka. Isitoshe hujaa manyoya, na baada ya wiki chache haishiki tena usipoichana kwa kitana. Niliitoa, nikaweka klipu tatu za plastiki za sentimita 2.5, zile za mikoba ya shule, zenye mkanda unaovutwa kurekebisha. Zinakaa ubavuni, si juu ya uti wa mgongo wala chini ya tumbo. Mbinyo haurekebishiki kwa wepesi kama wa velkro, lakini ukimya wake unalipa.

Mbinyo sahihi ni ule unaoruhusu vidole viwili vilivyolazwa kupita chini ya kitambaa bila kulazimisha. Ikilegea zaidi ya hapo, ni nguo ya kawaida tu, haimsaidii. Ikibana zaidi, tazama mbavu: zikikoma kupanda na kushuka kwa uhuru, legeza mara moja. Ivue kila baada ya saa moja au mbili, kagua kwapa na shingo, kisha umrudishie.

Usimvalishe kwa mara ya kwanza siku ya radi. Atajifunza kwamba nguo ndiyo inayoleta ngurumo, na akiiona tu atajificha. Anza siku ya jua. Iweke chini, acha ainuse, mpe vipande vya maini ya kuchemsha vilivyokatwa kama punje za maharagwe. Siku ya pili mvalishe dakika tano bila kuibana, huku anakula. Siku ya tatu ibane, dakika kumi. Ivue akiwa bado ametulia. Nilihitaji siku sita. Mbwa mwoga wa kuguswa atahitaji zaidi. Baadaye pia mvalishe siku za kawaida, mara moja kwa wiki, ili isibaki kuwa nguo ya dhoruba.

Sasa gari. Paa la Hiace ni bati pana lisilo na kitu nyuma yake, na matone ya mvua hulipiga kama ngoma. Mbwa wengi wa magari-nyumba huanza kuogopa mvua yenyewe kabla hata ya radi kwa sababu hii. Nilivua dari, nikasafisha bati kwa spiriti, nikabandika mikeka ya butili (mpira mzito unaonata) ya milimita 2 yenye alumini upande mmoja, nikaikandamiza kwa rola hadi vile vinundu vya alumini vikalala. Huna haja ya kufunika paa lote. Kazi ya mkeka ni kuzuia bati lisitetemeke, kwa hiyo theluthi moja ya kila paneli, katikati yake, inatosha. Juu yake niliweka sponji ya seli zilizofungwa ya milimita 10, kisha kapeti ya dari. Usikubali ile mikeka ya lami ya bei nafuu: ikipata jua la mchana inalainika, inaachia na inanuka, na pua ya mbwa haiwezi kuvumilia.

Tofauti kwenye sauti ya mvua ni kubwa. Kwenye ngurumo ni ndogo mno. Mngurumo wa radi ni sauti nzito ya chini, inapita sponji kana kwamba haipo. Kinachosaidia hapo ni kuwa na sauti nyingine nzito isiyobadilika: feni ya paa ikiwa kasi ya kati inafanya kazi nzuri kuliko redio, kwa kuwa matangazo ya redio hupandisha sauti ghafla na kumshtua upya. Feni pia inaondoa unyevu. Ikiwa huna, fungua dirisha lililo upande usiopigwa na upepo, sentimita tatu hivi.

Kizimba chake kiko chini ya kitanda, mbali na mlango wa kuteleza, kimefunikwa kwa blanketi pande tatu ili mwanga wa umeme usimfikie. Gari likienda, kizimba kimefungwa kwa mikanda na mlango wake umefungwa. Tukiegesha na radi ikaanza, mlango wa kizimba unabaki wazi. Mbwa aliyepaniki akifungiwa huvunja meno na kung'oa kucha akitaka kutoka. Mlango wa gari nao usiufungue kizembe: mshikilie kwa hanesi (mikanda ya kifuani ya kumshikia mbwa) kwanza. Fundi wangu alitaka kushona kitanzi cha kamba mgongoni mwa fulana. Nilikataa, maana mbwa aliyeshtuka huteleza akatoka ndani ya kitambaa kinachovutika kama mguu unavyotoka kwenye soksi. Hanesi ivaliwe juu ya fulana.

Mahali pa kuegesha pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mvua ikiisha, mikaratusi inaendelea kudondosha matone makubwa juu ya paa kwa muda mrefu, na matawi yake huanguka. Kando ya kibanda cha mabati ni kelele maradufu. Mteremko wa wazi juu ya vilima vya Ngong unapendeza kwa macho, lakini ni mahali pabaya wakati wa radi. Mwili wa chuma wa gari lililofungwa unakulinda, kwa kuwa umeme hupita nje yake. Gari lenye mwili wa fiberi halina ulinzi huo. Turubai la pembeni likunjwe mapema. Kupiga kwake kwenye upepo kunamtisha mbwa wangu zaidi ya mvua.

Nairobi wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua nyingi huja alasiri na usiku. Kwa hiyo matembezi marefu tunayamaliza kabla ya saa tisa alasiri, chakula cha jioni kinakuja mapema, na fulana anavaa mawingu yakianza kujikusanya, wakati bado anakula. Ukichelewa, hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Nikifika 30 na bado hajavaa, namvalisha papo hapo. Ikishuka chini ya 10 na tayari anazunguka-zunguka, simlazimishi tena. Nakaa sakafuni karibu naye, nazungumza polepole, namsugua kifua akitaka mwenyewe. Kumbembeleza hakumfundishi woga. Hayo ni maneno ya zamani yasiyo na msingi. Tunangoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo tunatoka kukojoa.

Matokeo kwake: kutetemeka kumepungua sana, kukwaruza mlango kumekwisha, kuhema kumebaki. Angalia jambo moja kwa makini. Mbwa akiganda akiwa ndani ya fulana, mkia umebanwa, macho yametoka, anajilamba midomo na hataki hata maini, hajatulia. Amekwama kwa hofu. Aliyetulia hulala ubavu, hukunja miguu, hukubali chakula.

Kwa huyo anayeganda, au anayejiumiza, fulana haitoshi. Muone daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board kabla ya msimu, na dawa atakayokupa ijaribu kwanza siku tulivu, ukiwa na muda wa kumtazama. Ukipewa asepromazini, dawa ya kutuliza wanyama, peke yake, uliza maswali: inaulegeza mwili huku hofu ikibaki ndani, na mbwa anaweza kushtuka kwa sauti zaidi ya awali. Dawa za binadamu, iwe paracetamol au tembe za usingizi, usimpe kwa kukisia.

Kuhusu kufua: maji baridi, sabuni isiyo na harufu, kisha ianikwe kivulini, kwa sababu jua kali huua laikra na mbinyo unapotea. Msimu wa mvua haikauki kwa siku moja ndani ya gari, na fulana mbichi humpa mbwa baridi na vipele. Shonesha mbili.