Git na Python kwenye Debian 12: kilichofungashwa na kilichoachwa nje

Natumia Debian 12, mfumo wa uendeshaji wa aina ya Linux, kwenye kompyuta ya mezani na ndani ya kontena (mfumo mdogo uliotengwa unaobeba programu na mahitaji yake). Hapa napima jambo moja: waliofungasha Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) na Python (lugha ya programu) wameweka nini ndani, wakaacha nini nje.

Debian hugawa mahitaji ya kifurushi katika ngazi tatu. `Depends` ni ya lazima, `Recommends` yanapendekezwa, `Suggests` ni ya hiari. Tangu Debian 5.0 ya mwaka 2009, apt, programu ya kusakinisha vifurushi, huleta ngazi mbili za mwanzo bila kukuuliza.

Kwa Git wamepatia. `gitk`, `git-gui`, `git-svn` na `git-email` ni vifurushi vinavyojitegemea, kwa hiyo seva isiyo na skrini haibebeshwi mzigo wa madirisha. Kwenye mapendekezo wameweka `ca-certificates` (vyeti vya kuthibitisha seva), `less`, `patch` na `ssh-client` (jina linalotimizwa na `openssh-client`). Wengi wetu tunaotengeneza kontena huandika `--no-install-recommends` ili kubana ukubwa, na hapo ndipo mambo huharibika: `git clone`, amri ya kunakili msimbo kutoka seva, kwa https inagoma kwa kushindwa kuthibitisha cheti cha seva, na kwa ssh inalalamika kwamba `ssh` haipo. Usizime uthibitishaji wa cheti, kama wengine wanavyoshauri. Taja unachohitaji kwa jina:

`apt-get install --no-install-recommends git ca-certificates openssh-client`

Kero ndogo: `git-man` ni ya lazima. Kwenye kontena za Debian aina ya slim, kurasa za mwongozo huzuiwa zisiandikwe diski, kwa hiyo unachoma bando kupakua kitu kitakachotupwa papo hapo.

Python ndiyo iliyonichosha. `python3` haiji na uwezo kamili wa kuunda mazingira pekee, yaani folda yenye Python na maktaba zake, iliyotengwa na za mfumo. Ukiandika `python3 -m venv kazi` unaambiwa ensurepip (moduli inayoweka pip, kisakinishi cha maktaba za Python) haipo, usakinishe `python3-venv`. Folda ya `kazi` inabaki imejengwa nusu. Ifute, au rudia amri ukiongeza `--clear`. Moduli ya ensurepip ni sehemu ya Python yenyewe, na kuitenga kunamkwamisha anayeanza kabla hajaandika mstari hata mmoja.

Kwa `python3-pip` wamezidisha upande wa pili. Inapendekeza `build-essential` na `python3-dev`, yaani unaomba pip unaletewa kompaila za gcc na g++, mamia ya megabaiti. Kisha, Debian 12 ikiwa imefuata PEP 668 (kanuni ya kuzuia pip isivuruge Python ya mfumo), ukijaribu `pip install` nje ya mazingira pekee unakataliwa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Kwa maoni yangu kifurushi hiki hukihitaji kabisa: `python3-venv` inatosha, maana kila mazingira unayounda huwekewa pip yake.

Wala gcc hiyo ya bure haikufikishi mbali. `psycopg2`, maktaba ya kuunganisha Python na hifadhidata ya PostgreSQL, kwenye Linux hujengwa kutoka msimbo wake, na hata ukiwa na gcc inakwama kwa kukosa `pg_config`. Programu hiyo iko ndani ya `libpq-dev`, ambayo haimo kwenye mapendekezo ya pip. Kwa majaribio tumia `psycopg2-binary`, iliyokwisha kujengwa, usiguse kompaila.

Kabla ya kukubali chochote, endesha `apt-cache depends python3-pip` uone ngazi zake, halafu `apt-get install -s python3-pip`. Hiyo `-s` huigiza tu. Utaona orodha nzima bila kupakua chochote.