Little Moreton Hall: nyumba ya miti na udongo iliyonifunga mdomo

Shemeji aliposema tunakwenda Cheshire, Uingereza, kutazama nyumba ya miti na udongo, nilimcheka. Nyumba ya hivyo nimekulia ndani yake, nilipe kiingilio cha nini?

Little Moreton Hall ukiiona kwa mbali utadhani imelewa. Kuta zimelalia huku na kule, madirisha yamekwenda upogo, na nyumba nzima imezungukwa na handaki la maji. Familia ya Moreton ilianza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500, ikawa inaongeza vipande kwa karibu miaka 100. Upande wa kusini ndio uliopinda zaidi, na sababu iko juu: waliubebesha ukumbi mrefu wa kama mita 20, kisha wakauezeka kwa mawe. Fremu ya chini ilielemewa. Sakafu ya ukumbi huo inapanda na kushuka kama uko ndani ya jahazi, nami nilikuwa nimevaa kisigino. Hapo kosa ni langu.

Sasa ukuta. Uzito wote uko kwenye fremu ya mti wa mwaloni: ulimi wa mti huu umeingia kwenye tundu la mti ule, kigingi cha mti kikakaza. Katikati ni fito, udongo, halafu chokaa. Kukandika kulekule ninakokujua! Ila miti yao haikuchimbiwa ardhini, imekalishwa juu ya mawe ili unyevu usiipande. Kwetu nguzo huanza kuliwa na mchwa pale pale chini.

Nilichokaa nacho muda mrefu ni madirisha ya uani, ya mwaka 1559. Vioo vidogo vidogo vimeshikwa kwa madini ya risasi, na juu yake pamechongwa jina la mwenye nyumba na la fundi pia: Richard Dale, seremala, aliyeyatengeneza kwa neema ya Mungu. Mimi jina la fundi nalijua tu akiwa anadaiwa.

Baadaye wenyewe walihama, wakapangisha wakulima, na kanisa dogo la ndani likageuzwa stoo ya makaa. National Trust, shirika la Uingereza la kutunza majengo ya kale, waliichukua 1938.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya ngazi. Shemeji anataka safari ijayo tumlete mama mkwe, na mimi nalifikiria goti lake.