Dakika 10 angani: safari tamu, moshi mchungu

Sijapanda, ila nimezitazama mubashara safari hizi za watalii kwenda anga za juu, nami nazipima kama huduma yoyote inayouzwa. Tarehe 20 Julai 2021 roketi ya New Shepard ilimpandisha mmiliki wake, tajiri Jeff Bezos, na wenzake watatu zaidi ya kilomita 100, ikawarudisha baada ya dakika kama 10. Mmoja wao alikuwa Wally Funk, mama wa miaka 82, rubani aliyeingoja safari hiyo tangu miaka ya 1960. Nilipomwona akielea, machozi yalinilengalenga. Hapo natoa alama zote.

Kinachoniuma ni moshi. New Shepard huchoma haidrojeni, ikaacha mvuke wa maji, afadhali. SpaceShipTwo, ndege ya roketi iliyombeba tajiri Richard Branson mwezi huohuo, ilichoma fueli ya mpira mgumu, na mpira ukiungua hutoa masizi. Masizi ya huku chini huoshwa na mvua baada ya siku chache. Yakifika stratosfia, tabaka la hewa la juu ambako mvua hainyeshi, huning'inia kwa miaka yakifyonza joto la jua.

Nyota mbili kati ya tano. Nitaongeza ya tatu siku tiketi itakapoandikwa kiasi cha masizi ya kila abiria.